Kinyonga wa Mwadi na Chandarua Kilichokatwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mwadi alikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kuchota maji kwenye bomba la kambi, ambako foleni ya ndoo huanza jua halijatoka. Ya pili ilikuwa kufagia uwanja. Ya tatu ilikuwa kukunja chandarua cha mdogo wake Isaïe na kukifunga fundo juu ya kitanda, kisije kikachafuka mchana. Jioni mama yao, Mbombo, ndiye aliyekishusha. Alifanya hivyo kwa mwanga wa koroboi, akichomeka kingo zake chini ya godoro kwa kupapasa tu. Isaïe alikuwa na miaka miwili, na katika kulala hakuwa na adabu hata chembe: leo miguu iko ukutani, kesho kichwa.

Waliishi katika kambi ya askari ya Kamina. Baba yao, Koplo Kisimba, alikuwa ametumwa Kolwezi kwa miezi miwili, kwa hiyo nyumbani walibaki watatu.

Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, wanafunzi walikwenda shuleni na mapanga kufyeka ua nyuma ya madarasa. Mwadi akaona kitu kinajongea kwenye tawi lililoanguka. Alikuwa kinyonga mchanga, hazidi kidole, ameshika kijiti kwa miguu yote minne kama mtu aliyepanda lori bovu.

"Weye, achia!" alipiga kelele Kalala, mwenzake wa darasa, huku akiokota jiwe. "Iko na sumu! Ikikugusa tu, unakufa!"

Mwadi alikuwa ameshamgusa, na hakuwa amekufa. Akamfunika kwa kitambaa chake cha kichwa, akaondoka naye mbio.

Hapo ndipo wasiwasi ulipoanza. Pale kambini watu wengi walimhesabu kinyonga kuwa mkosi. Wakimwona, wanampiga mawe au kummwagia mafuta ya taa. Kuku wa jirani yao, Mama Agar, hawakuacha chochote kinachotambaa, na siafu nao walikuwa na njia yao nyuma ya jiko. Kiumbe mdogo vile angelala wapi?

Kwanza Mwadi alimtia kwenye kopo la maziwa, akalitoboa matundu kwa msumari. Alipofungua saa sita mchana, bati lilikuwa la moto, na kinyonga amekuwa mweusi tii, mdomo wazi. Lo! Akamtoa upesi, akamweka kivulini kwenye tawi, akadondosha maji juu ya jani kwa ncha ya kidole. Baada ya muda mrefu kinyonga akanyonya tone moja, kisha la pili.

Baadaye akapata kasha la sabuni la mbao. Akalisimamisha, akapanga vijiti na majani ndani. Lilikuwa nyumba nzuri kabisa, ila mbele palikuwa wazi. Palihitaji kitu cha kupitisha hewa na kuzuia kuku. Angemwomba mama, lakini mama angeuliza, "Ya nini?" Na Mwadi alijua mama anavyomwogopa kinyonga.

Akakitazama chandarua cha Isaïe. Akauchukua wembe.

"Kipande kidogo tu," alijiambia. "Chini, upande wa ukuta, pale panapochomekwa. Nani ataona?"

Kipande chenyewe hakikuwa kidogo. Kasha lilikuwa pana kuliko alivyodhani, na kwenye chandarua lilibaki tundu la ukubwa wa sahani. Akalisukuma chini ya godoro, akatoka nje haraka bila kugeuka nyuma.

Alilificha kasha nyuma ya rundo la kuni. Akamwita kinyonga Ajida, kwa sababu alitembea kama ajida anayekagua askari: hatua moja, anasimama, anatazama pande mbili kwa mpigo. Kila siku alimpelekea nzi. Siku mbili za kwanza Mwadi alikuwa na furaha isiyo na kifani. Asubuhi ya tatu, alipokuwa akikunja chandarua, akaona mbu watano ndani yake, wanene, wazito kwa damu, hata kuruka hawawezi. Isaïe alikuwa ameuvuta upande ule kwa miguu yake, kama kawaida yake.

Mwadi aliwaua ukutani kwa kiganja, akaifuta damu kwa kitambaa, akaenda shule. Kesho yake akafanya vilevile, na keshokutwa. Darasani mwalimu aliuliza hesabu, yeye akasikia mbu. Kila jioni alisema moyoni, "Leo nitamwambia mama." Kila jioni ulimi ulikataa.

Siku ya kumi na mbili Isaïe alikataa uji. Mwili wake ulikuwa unawaka.

Zahanatini, muuguzi Ferdinand, mtu mpole aliyezaliwa upande wa Bukama, alimtoboa mtoto kidole, akaipima damu. "Ni malaria," alisema. "Mutoto iko nalala ndani ya chandarua?"

"Kila siku, baba muganga," alijibu mama. "Minyi mwenyewe njo ninachomeka, na mikono yangu."

Muuguzi alitikisa kichwa kwa mshangao. Mwadi alikuwa amesimama pale pale, ameshika kanga ya mtoto. Angesema wakati ule. Hakusema.

"Akitapika dawa, ao akianza kutetemeka, mumulete mbio," muuguzi akawaonya.

Walipofika nyumbani, walikuta kelele. Mama Agar alikuwa amekuja kuwawashia moto wa uji, akachukua ukuni, akaliona kasha. Sasa alikuwa amesimama mbali nalo, chupa ya mafuta ya taa mkononi.

"Mama Mwadi, njoo uone! Kinyonga ku nyumba yako! Hii njo inaua mutoto!"

Mbombo alirudi nyuma hatua mbili, Isaïe akiguna mgongoni mwake. Uso wake ulikuwa umechoka kabisa.

"Choma," alisema. "Choma na kasha yake."

Mwadi aliitazama ile chupa. Akinyamaza, Ajida ataungua kwa kosa lisilo lake. Tena kila mtu ataridhika kwamba ugonjwa umepatikana na umekwisha. Hakuna atakayekitazama chandarua. Usiku huu mbu watapita pale pale, wamkute mtoto mgonjwa.

"Mama, haiko kinyonga!" alipiga kelele. "Njo minyi, mimi mwenyewe!"

Akaingia ndani, wao wakamfuata, akakishusha chandarua, akalifungua lile tundu mbele yao wote wawili. "Nilikata na wembe, kwa nyumba yake. Mbu inapita hapa. Kila asubuhi ninaikuta, ninaiua, ninapanguza damu." Kisha akalia kwa kwikwi.

Mbombo alipitisha mkono kwenye tundu. Ulipita mpaka kwenye kiwiko. Akaketi kitandani.

"Na kinyonga, je?" Mama Agar aliuliza.

"Mama Agar, funga chupa yako," alisema Mbombo. "Mwadi, leta sindano. Na ile kipande, toa ku kasha, fua."

Jioni ile Isaïe alitetemeka, wakamrudisha zahanatini mbio. Alichomwa sindano, wakakaa naye siku tatu. Mwadi alimweka Ajida kwenye mlimau wa nyumbani, akamwacha, hakuthubutu hata kumtaja. Alichota maji, alipika, alimpepea mdogo wake, na kila Isaïe alipofumba macho, alimwekea mkono kifuani kuhakikisha anapumua. Siku ya nne mtoto akafungua macho, akasema, "Uji." Mwadi alicheka na kulia kwa pamoja.

Muuguzi Ferdinand alipoelezwa habari yote, alimgeukia Mwadi. "Kinyonga hailetake malaria," alisema. "Mbu njo inaleta. Lakini kama unataka kumufuga, fanya kazi ya kweli. Samaki ya kwetu inakuja hapa na gari-moshi mu vitunga. Omba kimoja kilichozeeka."

Mwadi alipata kitunga, kikapu chakavu cha samaki, kwenye soko la stesheni. Alikisugua kwa majivu mpaka harufu ya samaki ikaisha, akakianika siku mbili juani. Nafasi pana akaziziba kwa nyuzi za gunia. Ndani akapanga matawi ya mlimau, akamrudisha Ajida, ambaye hakuwa amevuka hata matawi mawili. Akakining'iniza kitunga chini ya paa, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, na kamba akaipaka oili chakavu ili siafu wasipite. Maji hakuweka kwenye bakuli, bali aliyanyunyiza juu ya majani.

Safari hii alifanya yote mbele ya mama yake. Mama alisimama mbali, mikono kifuani. "Kaza pale," alisema. "Kuku ya Agar iko na shingo murefu."

Mwadi alikaza. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, ungali na kasirani juu ya chandarua?"

Mbombo alimvuta karibu, akamketisha.

"Chandarua nilishashona. Kukata, ulikata siku moja. Weye ni mutoto, ulipenda kinyonga yako. Lakini karibu siku kumi ulipanguza damu ya mudogo wako ku ukuta, na ukaenda shule. Ile njo iliniuma. Bantu bote banakosa, Mwadi. Ukikosa, sema siku ile ile. Ukiniambia siku ile ile, nitakugombeza. Ukichelewa, nitakugombeza na nitalia. Sasa chagua."

"Nitasema siku ile ile, mama," Mwadi alijibu, na safari hii ulimi haukukataa.