Alama Nyekundu za Maximilla

Jumamosi moja ya mwaka 1996, soko la Kasulu limefurika, Reverien wa Makere alikuwa akipita kati ya mafungu ya maharage na amplifaya ya kwaya begani, anakanyaga watu na kuwaomba radhi. Wa tatu kukanyagwa hakutaka radhi. Alikuwa Maximilla, binti wa fundi redio Venanti, kavaa gauni la kitenge cha kijani, kucha nyekundu, bisibisi kaichomeka kwenye nywele.

"Hiyo ni mbovu au unaitembeza tu?" akauliza.

Reverien akaeleza kwamba akipiga gitaa la besi, mngurumo unameza maneno yote ya wimbo. Maximilla akampeleka kibandani kwa baba yake, akaitazama amplifaya, akacheka mpaka akakaa chini. Vitufe vyote vilikuwa vimezungushwa hadi mwisho. Jamani, mpiga besi mzima!

"Kaka, hii haiumwi," alisema. "Mgonjwa ni wewe."

Jioni ile walikwenda kanisani, kulikuwa kutupu. Reverien akapiga, Maximilla akatega sauti. Alivirudisha vitufe vyote katikati, kisha akapunguza kile cha sauti nzito na kuongeza kile cha sauti ya kati, maana hapo ndipo sikio linapoukamata uzi wa gitaa. Aliporidhika, alitoa chupa yake ya rangi ya kucha akaweka nukta nyekundu kwenye kila kitufe, kuonyesha mahali kinapotakiwa kukaa. Akamwonya kwamba siku watu wakijaa, miili inakunywa sauti, aongeze ya kati. Reverien akaitikia ego, ego, kwa Kiha chake. Alikuwa akitazama vidole, si vitufe.

Basi ikawa kila jioni ana sababu ya kupita kibandani, na siku asipokuwa na sababu anapita na ndizi mbivu. Maximilla akimwita Bwana Mngurumo, naye anaona raha. Walipendana, tusizunguke.

Ikafika Jumapili ya kipaimara. Watu walijaa hadi milangoni, wamevaa masweta yao kwa baridi ya asubuhi, na besi ikapotea kabisa. Mkono wa Reverien ulikwenda kwenye kitufe, ukarudi. Kuitoa nukta ya Maximilla mahali pake aliona ni kama kumfuta mwenyewe. Mapenzi ya namna hiyo nayo yana hasara zake! Baada ya misa Mwalimu Tharsisi, kiongozi wa kwaya, akamuuliza mbele ya wanakwaya wote besi ilikwenda wapi. Aibu ikamshika.

"Mimi sikugusa kitu," akasema. "Binti wa fundi ndiye aliyetega hivyo."

Maximilla alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kumpongeza. Aligeuka akaenda zake. Wiki mbili Reverien alipita kibandani, na kila mara Venanti alimwambia binti ana kazi. Usingizi ulimpaa. Alijua kabisa kwamba anampoteza, na kwamba kosa ni lake.

Kisha kwaya ikaenda tamashani Kibondo. Huko kwaya zote zililazimika kutumia amplifaya moja ya kuazima, maandishi yake yamefutika yote. Reverien akakimbilia posta, akapiga simu dukani kwa Mzee Gharibu, jirani na kibanda cha Venanti. Maximilla akaitwa.

"Nimepiga kwa ajili ya amplifaya."

"Basi zungumza nayo."

"Nimepiga kwa ajili yako," akasema Reverien. "Ulinionya niongeze, nikaogopa kuitoa alama yako. Halafu nikaona aibu, nikakutupia lawama. Nisamehe, mpenzi."

"Waliosikia ukinitukanisha ni kwaya nzima. Msamaha niusikie peke yangu?"

Hata hivyo hakukata simu. Alimwambia aweke vyote katikati, azungushe kimoja kimoja na kusikiliza; sauti ikikwaruza, apunguze kile cha kwanza, kinachoingiza sauti ya gitaa. Kisha ampe mwenzake gitaa, yeye akasimame nyuma kabisa ya ukumbi, asikie wanavyosikia watu.

"Na watu wakijaa?"

"Zungusha, Reverien. Mimi siondoki kwa sababu umezungusha kitufe."

Mchana ukumbi ulifurika. Ubeti wa pili besi ikaanza kuzama, naye akanyoosha mkono akazungusha. Besi ikasimama, maneno yakasikika, akina mama wakapiga vigelegele. Wimbo ulipokwisha, Reverien aliomba kipaza sauti akawageukia wanakwaya wenzake.

"Siku ile Kasulu nilisema uongo. Besi ilipotea kwa woga wangu. Aliyenifundisha kutega ni Maximilla wa Venanti, na ya leo ni kazi yake."

Jumatatu lori lilipofika Kasulu, Mwalimu Tharsisi alishuka kabla ya mizigo. Alikwenda moja kwa moja kibandani, kofia mkononi, akamsimulia Venanti yaliyosemwa ukumbini, kisha akauliza wazee wa Makere waje siku gani kuleta posa. Venanti akamtazama binti yake. Maximilla alimtazama Reverien, aliyesimama nje na amplifaya ya kwaya begani.

"Jumapili ijayo," akasema. "Na hiyo amplifaya mje nayo. Nyumba itajaa watu."