Wimbo wa Bibi Ng'washi

Rekodi ilipaswa kuwa na sauti ya mtu mmoja tu. Nusrat alirekodi mwenyewe kule Kisesa, yeye na Bibi Ng'washi peke yao uani. Lakini asubuhi ile ofisini, kila mara bibi alipomaliza ubeti wa Kisukuma, mtu mwingine alihema.

"Upepo huo," alisema Ndalahwa, mhadhiri mwenzake katika Idara ya Lugha na Tamaduni. Akavaa visikilizi ili aandike maneno.

Kufikia adhuhuri ofisi ilinuka matope ya ziwani. Ndalahwa alikuwa ameketi wima, macho yamemtoka, maji yakimchuruzika mdomoni. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mwanamke.

"Futa."

Mkuu wa idara, Dokta Antoni, alifunga mlango. "Nusrat, futa hicho kitu," alinong'ona. "Mtu atatufia hapa."

"Bibi tumemzika mwezi uliopita, Dokta. Hakuna mwingine anayeujua wimbo huu."

Wakamwita Mzee Muharami, mganga wa Mabatini. Alifukiza ubani, akamuuliza jini anataka nini.

"Bibi yule alinitoa mwilini mwa binti yake kwa wimbo huo, akanitupa ziwani. Sasa amekufa. Ufuteni, nimwachie huyu."

Mzee alimvuta Nusrat pembeni. "Mwanangu, ametaja bei. Mimi ningelipa."

"Shida yangu, mzee, ni kwamba anauogopa," alisema Nusrat. "Kinachomtisha, mbona nimpe?"

Akachomoa visikilizi, akafungulia spika hadi mwisho. Bibi akaanza kuimba, na papo hapo kule kuhema kukapanda, kukatoka kwenye spika na kuingia kutani, kukapita chini ya meza na kumzunguka Nusrat miguuni, kuzito na kwa baridi, kukameza sauti ya bibi neno baada ya neno, hata spika ikabaki inakoroma kama mtu anayezama, na Ndalahwa mwenyewe akaanza kubadilika rangi.

Spika ikazimika, na kompyuta nayo. Ndipo Nusrat akaimba yeye, kwa maneno aliyoyashika kwenye rekodi. Kisukuma hakikuwa lugha ya kwao, na maneno mengine aliyavunja; aliyarudia hadi yakanyooka. Ubeti wa pili Dokta Antoni, Msukuma aliyedhani ameshasahau lugha ya kwao, akaupokea akimfuatisha neno kwa neno.

Jini akacheka, kisha akasihi, kisha akalia kama mtoto. Nusrat hakunyamaza.

Ndalahwa akaanguka, akatapika maji meusi, akauliza kwa sauti yake mwenyewe, "Nani amenilowesha?"

Walipowasha tena kompyuta, rekodi ilikuwa kimya kitupu. Jini alikuwa ameondoka nayo.

"Amepata alichotaka," alisema Antoni.

"Hajapata." Nusrat alikuwa tayari anafuta ubao wa darasa la jirani, ambako wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wanaingia. Akaandika ubeti wa kwanza.

Mzee Muharami alisimama mlangoni na chetezo chake. "Huyo atarudi, mwalimu."

"Arudi," alisema Nusrat bila kugeuka. "Atatukuta darasa zima."