Alama za Vema za Juma Zima

Kila jioni ya msimu wa baridi, kabla jua halijazama, Chiriku alikuwa na kazi ya dakika tatu. Alikwenda nyuma ya nyumba, akafunga koki ya kupeleka maji kwenye paneli ya jua iliyo juu ya paa, kisha akafungua koki ya chini ili maji yaliyobaki kwenye mabomba ya paneli yamwagike. Akirudi jikoni alitia alama ya vema kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Mama yake alikuwa msusi, na maji ya moto ya kuwaosha wateja nywele yalitoka kwenye paneli hiyo.

Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kazi za kujirudiarudia zilimchosha. Jumatatu moja alitia vema za juma zima kwa mkupuo, eti asisumbuke tena kutafuta kalamu. Siku tatu koki alizishughulikia kama kawaida. Alhamisi alinogewa na kuruka kamba. Alipoingia jikoni na kuiona vema ya siku hiyo, alijiambia, "Aa, kumbe nimeshafanya."

Asubuhi iliyofuata nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Jua lilipopanda, maji yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye paneli. Mama alimwita fundi aliyeifunga. Fundi alipanda ngazi, akachungulia, akashuka.

"Bomba limepasuka, dada. Maji yaliganda ndani. Yakiganda yanatanuka, na shaba haina ubavu wa kuyazuia."

"Yagande vipi, na mtoto aliyamwaga? Vema hii hapa!" Mama alikuja juu. "Umenifungia koki mbovu, fundi. Na sinyamazi. Kila atakayekaa kwenye kiti changu nitamwambia."

Fundi aliitazama karatasi kwa muda.

"Labda koki imekwama," alisema taratibu. "Nitakuwekea nyingine."

Kila walipokutana fundi huyu alimtania Chiriku. Leo alikuwa akikusanya spana zake bila kumtazama mtu. Chiriku aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mama, koki ni nzima. Jana sikuigusa. Vema niliitia Jumatatu."

"Jumatatu? Ndiyo ukaniacha nimfokee mtu mzima wa watu?" Mama alishusha pumzi. "Fundi, niwie radhi. Nimekurukia bila kuuliza."

"Yamekwisha, dada. Chiriku, nishikie ngazi."

Siku hiyo mama aliwaosha wateja nywele kwa maji ya kuchemsha jikoni, huku akiwaeleza wazi kosa lilikuwa la nani. Hadi adhuhuri fundi alikuwa ameliunga bomba, na paneli ikajaa tena bila kuvuja hata tone.

"Sikia, mwanangu," fundi alimwambia Chiriku akifuta mikono. "Alama hutiwa baada ya kazi. Ukiitia kabla, umeshadanganya, na wa kwanza kudanganyika ni wewe mwenyewe. Bomba nimeliunga kwa saa mbili. Jina langu je, ungeliunga kwa saa ngapi?"

Chiriku aliingia jikoni, akachukua kalamu na kuzikata vema zote kuanzia ya Alhamisi.