Mke wa Mchana

Mto wake ulikuwa umebonyea, tena ungali na joto. Mpima damu alisimama kando ya kitanda, mkoba begani. Tangu asubuhi alikuwa maabara. Akainama, akanusa: harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Juu ya foronya, unywele mmoja mrefu.

Sebuleni mumewe, fundi cherehani, alikuwa akishona na kupiga mluzi. Alikuwa hajapiga mluzi kwa miaka.

Asubuhi iliyofuata aliupeleka unywele kazini ndani ya kichupa.

"Jini mahaba huyo," shogake wa maabara alinong'ona.

"Sisemi majini wapo, sisemi hawapo. Nikiona ushahidi nitasema."

"Basi ni mwanamke mwenye viatu na simu. Ushahidi wa huyo utakuuma zaidi, shoga."

Akaulaza unywele chini ya hadubini, kando ya wake. Unene ule ule. Rangi ya nywele ya dukani ile ile, imekomea pale pale. Akacheka kwa aibu: kumbe alikuwa akijionea wivu mwenyewe. Jioni akamtaka mumewe radhi.

"Radhi ya nini? Mimi nashangaa jambo moja tu, mke wangu. Mchana ukija kula, unacheka. Jioni unarudi umenuna kama uliyefiwa."

"Mchana siji nyumbani."

"Acha utani," alisema, kwa sauti ya chini.

Kesho yake, jua la utosini, aliomba ruhusa akarudi, na kabla hajagusa kitasa akasikia kicheko chake mwenyewe, kile cha siku za uchumba alichodhani kimemwishia, na aliposukuma mlango harufu ya kiberiti ikamjaa kooni, na pale kando ya cherehani akajiona ameketi, gauni lile lile, kovu lile lile kidoleni, akimmenyea mumewe chungwa.

"Mume wangu, toka hapo," alinong'ona.

"Mume wangu," mwenzake akasema taratibu, "usimsogelee."

Fundi akawauliza maneno aliyowahi kumwambia mkewe faraghani. Wakajibu pamoja. Akavua tepu shingoni, akawapima mabega, kiuno, urefu wa mkono.

"Hamzidiani hata uzi."

"Basi kubali hujui," mpima damu alisema. "Usichague."

"Sijui, kweli." Akaketi karibu na yule mwenye tabasamu. "Lakini chakula lazima nile na mtu."

Yule akainuka, akamfungulia mpima damu mlango kwa adabu.

"Utachelewa kazini, dada."