Mwisho Aliousoma Bwana Harusi

"Usipumue," fundi cherehani alisema, pini zikiwa mdomoni. "Nikikuchoma, Jumamosi utaolewa na tundu ubavuni."

Bibi harusi alicheka kwa tumbo tu, mabega yametulia. Simu yake ikatetemeka juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Nisomee, dada. Mikono umeifunga."

Fundi akatema pini, akasoma: "'Nimemaliza kusikiliza riwaya yako. Nimelia. Mimi nilijua yule mke ataruka, kumbe anamsamehe mumewe! Ulibadilisha lini? Kesho asubuhi tunaiachia hewani.' Ni mhariri wako huyo. Mbona umekauka?"

"Rudia hapo kwenye kusamehe."

Akarudia.

"Nivue gauni."

"Lina pini, mdogo wangu."

"Acha zinichome."

Hadithi yenyewe kila mtu aliisikia utotoni: mwanamume alimkuta mwanamke mwenye mabawa akioga mtoni, akayaficha mabawa yake chini ya nafaka ghalani, akamwoa. Mwanamke akazaa, akapika, akanyamaza. Siku alipoyapata akaruka, na tangu siku hiyo wasimuliaji wote humwita mke asiye na shukrani. Bibi harusi aliisimulia upya kwa kinywa cha mke. Kuisoma mbele ya maikrofoni alimpa mchumba wake, fundi sauti ambaye mtaa mzima ulimwita Asali kwa utamu wa koo lake. Yeye mwenyewe bibi harusi hakutaka kuisikiliza mapema. Alitaka aisikie siku moja na watu wote, kama zawadi ya harusi.

Alimkuta Asali studioni, chumba kilichowahi kuwa stoo, kuta zimebandikwa vipande vya godoro.

"Malkia wangu," Asali alisema, akishusha vipokea sauti shingoni. "Gauni limekukaa?"

"Niwekee sura ya mwisho."

"Utaisikia kesho na wenzako."

"Weka."

Akaweka. Sauti ikatiririka mle chumbani, tamu kama kawaida yake:

"Akayakunja mabawa,
akarudi kwa mumewe,
machozi akafutiwa,
ili naye asifiwe."

"Mimi sikuandika hilo," alisema.

"Ni ubeti mmoja tu, mpenzi. Vina vimekaa, mizani imetimia."

"Vina vimekaa, mwanamke wangu hayupo. Mhariri anaamini nimebadilisha mimi."

"Sasa nani atampenda mama anayetupa watoto? Nilikuwa nakulinda. Ndugu zangu wote watasikiliza. Watasema Asali anaoa mtu anayefundisha wake za watu kukimbia."

"Waseme."

"Unasema hivyo kwa sababu hawatakusema mezani kwako."

"Sema kweli, Asali. Si ndugu zako."

Alizungusha kitufe kisichohitaji kuzungushwa. Sauti yake ikapoteza sukari yote.

"Mama yangu hakurudi. Unajua. Nilikaa mlangoni mpaka nikaacha kukaa. Halafu wewe unaniandikia mtoto anauliza 'unakwenda wapi', na mimi ndiye nimsemee? Nilijaribu. Koo liligoma."

Bibi harusi alimhurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko hasira.

"Ungeniambia koo limegoma, ningekuja kukaa nawe hapa hapa sakafuni," alisema. "Tungelia wote. Badala yake umefunga mlango, ukamrudisha mwanamke kwa mumewe, ukaniletea tabasamu."

"Ni kitabu tu."

"Nani aliniambia baba yako alikuwa akificha viatu vya mama yako kabatini ili asitoke? Uliniambia ukicheka."

"Baba alimpenda."

"Hata huyu wa ghalani alipenda."

Asali akainuka. "Kwa hiyo mimi ni mwizi wa mabawa. Miaka yote nakubeba, leo nimekuwa zimwi."

"Si zimwi. Zimwi ningelikimbia mapema. Wewe ulikuwa mtamu." Akaweka mkoba chini. "Washa mashine. Naisoma mwenyewe."

"Wewe si msomaji."

"Mimi ndiye mwenye maneno. Au wenye maikrofoni ndio walao nyama?"

Asali alitazama saa ukutani, akamtazama yeye, kisha mazoea ya kazi yakamshinda. Kila anayeingia kwenye kile kibanda cha kioo huambiwa maneno yale yale, hata angekuwa nani.

"Vua bangili," alisema. "Saa pia. Pete pia. Maikrofoni inasikia kila kitu."

Akavua. Akavipanga juu ya meza yake, kimoja kimoja, akaingia na kufunga mlango.

Taa nyekundu ikawaka. Sauti yake ilikuwa nyembamba, haina asali hata tone, na mwanzoni ilitetemeka.

"'Alirudisha kifuniko cha ghala. Aliacha kila kitu mahali pake: sufuria, nguo, jina alilopewa. Mtoto akauliza, Mama, unakwenda wapi? Akapiga magoti. Hakumdanganya. Akasema, Ninaondoka. Siku utakayokua utaambiwa sikukupenda. Waulize walioniambia nikae kama waliwahi kuniuliza nimetoka wapi.'"

Upande wa pili wa kioo Asali aliuma ngumi. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya kitufe cha kuzima. Aliutazama kana kwamba si wake. Akauondoa.

Bibi harusi alipotoka kibandani, mlango wake akauacha wazi, akachukua simu kwanza. "Mhariri, Asali atakutumia faili jipya la sura ya mwisho leo hii. Lile la kwanza futa." Akasikiliza. "Hapana, huu ndio mwisho. Tangu mwanzo ulikuwa huu."

Kisha akavaa saa. Akavaa bangili. Akachukua mkoba.

"Umesahau pete," Asali alisema.

"Sijasahau."

"Jumamosi watu wanakuja. Niwaambie nini?"

"Wasimulie unavyopenda. Hiyo kazi unaiweza."

Mlango ulifungwa taratibu. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Hakuna aliyekumbuka kuizima, na mashine ikaendelea kumrekodi mwanamume mmoja akiita jina ambalo hakuna aliyeliitikia.