Matundu ya Chini ya Mlango

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alikamua tambara. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu mvua zianze. Mama alipakia kreti za mikate nyuma ya gari lao dogo la mizigo, naye Chiriku alipiga magoti mbele, upande wa abiria, akafyonza maji yaliyotuama sakafuni, akayakamulia kwenye ndoo, akafyonza tena. Siku nyingine alipata kikombe kimoja. Siku nyingine alipata sufuria nzima.

Jina la Chiriku alipewa na baba yake kwa sababu ya kupenda kusema. Baba alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Alikuwa ameondoka mwaka mmoja na miezi minne iliyopita kwenda kwenye kambi ya wajenzi wa daraja, na tangu hapo sauti yake ilifika Jumapili tu, kwa simu, tena ikikatikakatika. Lakini kiti chake kilibaki. Kilikuwa kimebonyea pale alipokuwa akikaa, na Mama, ambaye sasa ndiye aliyeendesha gari na kugawa mikate madukani, alikiwekea mto ili aone barabara. Mama asipotazama, Chiriku alilaza shavu lake hapo kidogo. Zamani kiti kilinukia sabuni na moshi wa kuchomelea. Siku hizi kilinuka unyevu.

Jumapili ile Baba alipiga simu akiwa na habari.

"Jumamosi nimepewa siku moja ya mapumziko," alisema. "Jumapili tunahamia ng'ambo ya mto. Huko gari halifiki na simu haishiki. Labda mwaka mzima. Mnaweza kuja?"

"Tutakuja!" Chiriku alipiga kelele kabla Mama hajafungua kinywa.

Jumatatu mvua ilinyesha kwa hasira. Mama alikuwa katikati ya barabara, waipa za kioo cha mbele zikagoma. Maji yaliyovuja yalikuwa yamefika kwenye nyaya zilizo chini ya dashibodi. Alirudi nyumbani amelowa chapachapa, maana alikuwa ametoa kichwa dirishani ili aone njia.

"Mwanangu, sikudanganyi," alisema akijifuta uso. "Gari hili linalolia machozi sitakupandisha safari ya saa nne. Mjomba wako anakuja Alhamisi. Likipona, twende. Lisipopona, tubaki."

Mjomba alikuwa fundi wa magari, kaka yake Mama. Watu walimwita Fundi Polepole, wala hakukasirika. Lakini Alhamisi ilikuwa mbali mno kwa mtu anayehesabu siku kwa vidole. Jumanne jioni Chiriku alichuchumaa kando ya gari akaona jambo. Kwenye ukingo wa chini wa mlango wa abiria palikuwa na matundu matatu madogo, na kila tundu lilikuwa likidondosha maji, to, to, to.

"Kumbe ndiyo haya!" alijisemea. Akaenda kwenye sanduku la vifaa la Baba, akachukua gundi ya silikoni, akayaziba yote matatu na kuyalainisha kwa kidole. Hakumwambia mtu. Alitaka Jumamosi ashuke garini na kusema, "Baba, nimelitengeneza mimi."

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi alipofungua mlango, maji yalimrukia miguuni. Hakuwa amewahi kuyaona mengi kiasi kile. Alikamua, akakamua, akaenda shule bila kusema neno.

Alhamisi alasiri Mjomba alifika, akalizunguka gari mara tatu kama mnunuzi asiye na haraka. Akatoa zulia, akakausha sakafu kwa matambara, akatandika magazeti kila pembe.

"Maji ni mwongo, Chiriku," alisema. "Yanaingia hapa, yanatokea kule. Ukianza kuyamwaga juu yanateremka kila mahali, na mwizi humjui. Kwa hiyo tunaanzia chini, tunapanda kidogo kidogo. Wewe kaa ndani na tochi. Leo wewe ndiye macho yangu."

Mjomba akabamiza mlango, akashika mpira wa maji. Palepale, kabla hata tone moja halijamwagwa, Chiriku alisikia kitu kikisukasuka ndani ya mlango. Akamulika. Maji yalikuwa yakichuruzika chini ya kava la mlango na kulowesha gazeti. Hayakutoka kwenye kioo, wala kwenye paa. Yalitoka mlangoni, na Chiriku alijua sababu.

Nje, Mjomba alimwaga maji chini ya kioo cha mbele, akagonga kwa kidole. "Vipi huko?"

"Gazeti limelowa."

"Umeona yanatokea wapi?"

Chiriku alielekeza tochi juu. "Huko juu," alisema. "Nadhani kwenye kioo."

"Leo chiriku anadhani!" Mjomba alicheka. "Mimi nilizoea chiriku anayejua kila kitu."

Akafunga maji, akamwendea Mama akipangusa mikono. "Dada, ni kioo. Kitoke, tusafishe, tukibandike upya. Gundi yake inataka siku mbili bila kutikiswa."

"Siku mbili?"

"Ukilitia gari barabarani Jumamosi, kioo kitakuangukia mapajani."

Mama alitazama kreti tupu za mikate, akatazama pembeni, kisha akatoa simu. "Ngoja nimwambie asitusubiri. Maskini, alishaomba jikoni wawapikie wageni wake."

Simu iliita mara moja, mara mbili. Kisha, ingawa haikuwa Jumapili, sauti ya Baba ikatoka kwenye spika ya simu, safi ajabu, kama mtu aliyesimama uani.

"Haloo! Gari limefikia wapi? Nimenyoa ndevu leo, Chiriku asije akanikimbia."

"Mama, usimwambie!" Chiriku aliruka kutoka garini. "Si kioo! Nimedanganya. Maji yanatoka mlangoni. Mimi niliziba matundu ya chini, Jumanne. Nilidhani ndiyo yanayovuja."

Mjomba alifungua mlango, akautikisa taratibu. Ndani yake maji yalisema, chwaa, chwaa.

"Lo! Mimi nilisikia hiyo sauti," alisema, "nikadhani ni tumbo langu." Akachukua waya mwembamba, akachokonoa silikoni kwenye tundu la kwanza. Maji yalifyatuka yakamlowesha viatu. La pili, la tatu. Yalitiririka mpaka yakafanya kijito uani.

"Kwa nini hukusema?" Mama aliuliza. Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Chiriku zaidi.

"Nilipoona nimeharibu, niliogopa. Nilijua mtasema hatuendi kwa sababu yangu."

"Na ungeendelea kunyamaza, kweli tusingeenda kwa sababu yako."

"Haloo? Haloo? Nani kaharibu nini?" Baba alikuwa bado yumo kwenye simu.

"Tutakupigia," Mama alimwambia. "Usipangue mipango yako."

Mjomba alimwita Chiriku karibu. "Shuleni mnafundishwa kuziba ufa kabla hamjajenga ukuta, na ni kweli. Lakini kuna matundu si ya kuzibwa. Mvua huingia ndani ya mlango wa kila gari, kupitia pale kioo kinapopanda na kushuka. Matundu haya ndiyo njia yake ya kutokea. Wewe umeufanya mlango kuwa dumu. Sasa tumtafute mwizi mwenyewe, maana yeye alikuwepo kabla yako."

Akafungua kava la mlango kwa bisibisi. Nyuma yake palikuwa na karatasi ya nailoni iliyobandikwa ili kuzuia maji yasiingie kwa dereva na abiria. Karibu na spika ya redio, nailoni ilikuwa imekatwa kwa kisu, na pande zake zikining'inia.

"Nani alifungua hapa?"

Mama alisogea, akatazama kwa muda mrefu. "Baba yake," alisema. "Wiki ile ya kuondoka. Spika ya upande huu ilikuwa imekufa, na mwanawe alikuwa anakaa hapa."

Kwenye ukingo wa nailoni palikuwa na alama ya kidole gumba, nyeusi kwa grisi. Chiriku aliweka gumba lake juu yake. Lilizama katikati, nafasi ikabaki pande zote. Akaliacha hapo mpaka Mjomba alipokohoa.

"Tutabandika mpya, Chiriku. Hii imechoka."

Walikata nailoni mpya wakaibandika kingo zote, Chiriku akikandamiza kwa kiganja pale Mjomba alipomwonyesha. Walirudia kumwaga maji, kuanzia chini hadi paani, yeye akiwa ndani na tochi.

"Vipi huko?"

"Subiri, Mjomba, sijamaliza kutazama." Akamulika kila pembe, akagusa kila gazeti. "Makavu! Makavu kama utani wa mwalimu wetu wa hesabu!"

"Naam! Chiriku karudi."

Jumamosi waliondoka alfajiri. Mvua iliwasindikiza njia nzima, waipa, ambazo Mjomba alikuwa amezikaushia nyaya, zikakata kushoto na kulia bila kuchoka. Saa nne asubuhi walifika kwenye lango la kambi. Mtu alikuwa amesimama hapo kwenye mvua, amekonda kuliko picha yake, kidevu kimenyolewa kikang'aa. Kwa nukta moja Chiriku alimwonea haya, kama mgeni. Kisha akakimbia.

Alimweleza yote kabla hajaulizwa: matundu, silikoni, uongo wa kioo. Baba alicheka aliposikia habari ya tumbo la Mjomba. Aliposikia habari ya nailoni, aliacha kucheka.

"Ile nailoni niliikata mimi," alisema. "Niliona sikuirudisha sawasawa. Nikasema, leo nina haraka, nitaibandika kesho. Kesho nikapanda basi. Na sikumwambia mama yako, nikiona ni jambo dogo." Alimtazama Mama. "Nisamehe. Umeendesha umetoa kichwa dirishani kwa sababu yangu."

Mama alimpiga kibao chepesi begani, lakini mkono ukabaki palepale.

"Sikiliza, mwanangu," Baba alisema. "Kukosea kutatukuta sote, kama mvua. Kosa ukilipa njia ya kutoka, linatoka, unalowa viatu basi. Ukiliziba, linapanda ndani kimyakimya mpaka linafika kwenye nyaya. Wewe umesema baada ya siku mbili. Mimi nimesema baada ya mwaka na miezi minne. Sasa nani mtoto hapa?"

Wakaingia garini wote watatu, wakabanana, miguu mikavu, mvua ikipiga paani.

"Haya," Baba aliuliza, "kuna lingine hujaniambia?"

"Yapo mengi," Chiriku alisema.

"Basi sema. Tuna mpaka saa tisa."