Daftari la Mabweni Matatu

Siku ile ya Juni ukumbi wa chuo ulifurika, hata pa kukanyaga hapakuwa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wanamaliza mitihani, na kila mmoja alitakiwa kujaza fomu aseme mwaka wa pili atalala bweni lipi: la Nne, la Saba au la Tisa. Jua la Bishkek, mji mkuu wa Wakirgizi, lilikuwa kali, madirisha yote wazi, na watu wakijipepea kwa fomu hizo hizo.

Bektur, kijana mrefu wa kutoka Talas, shati lake jeupe limepigwa pasi upande wa mbele tu, alikuwa keshaanza kuandika Tisa aliposikia sauti nyuma ya bega lake.

"Umewahi kuingia humo ndani?"

Akageuka. Msichana mfupi, gauni la maua ya samawati, nywele kazisuka mkia mmoja mzito unaofika kiunoni, na daftari la mistari kalikumbatia kifuani.

"Sijaingia. Ila ni jipya, na lina lifti."

"Kwani utalala kwenye lifti?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Bektur naye akacheka, kalamu ikabaki hewani. "Haya, wewe unaandika lipi?"

"Mimi siandiki nisichokiona. Nakwenda kuyatazama yote matatu leo hii. Ukitaka, twende. Ukichoka njiani, utaisubiri lifti yako."

Jina lake Burulcha, mtoto wa Kochkor, huko juu milimani. Bektur alikunja fomu yake akaitia mfukoni, akamfuata.

Burulcha alikuwa na mpango wake. Kila ukurasa wa daftari ulikuwa na bweni lake: maji ya moto, jiko, madirisha, msimamizi. Tena katika kila chumba alifanya jambo moja ambalo Bektur hakuwahi kumwona mtu akilifanya: alisogeza nywele pembeni, akabandika sikio ukutani.

"Unasikiliza nini?" Bektur alimuuliza kule bweni la Saba, lenye jiko moja kwa watu arobaini.

"Jirani anamenya viazi."

"Viazi navyo vina sauti?"

"Mwenye viazi anaimba, tena vibaya. Hapa siwezi kusoma."

La Tisa lilikuwa na sakafu za kung'aa na vyumba vya watu wawili wawili, lakini kufika kwake ni dakika arobaini za basi. Burulcha aliandika "mbali mno" akayapigia maneno hayo mistari miwili.

La Nne lilikuwa kuukuu. Ngazi zake zimelika katikati kwa miguu ya miaka mingi, rangi ya mlango imebanduka kama ngozi ya kitunguu. Lakini jikoni majiko manne yote yaliwaka, na kuta zilikuwa nene. Burulcha alisikiliza kitambo kirefu.

"Kimya. Njoo usikie."

Bektur akaweka sikio ukuta ule ule, nyuso zao zimeachana shubiri moja. Hakusikia kitu isipokuwa moyo wake mwenyewe unavyogonga.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nini?"

"Kimya," akasema, naye alikuwa anasema uongo.

Wote wawili wakaandika Nne. Wasichana ghorofa ya tatu, wavulana ya nne. Saini yenyewe ingetiwa mwishoni mwa Agosti, na baada ya saini hakuna kubadilisha hadi Januari.

Kiangazi kile Burulcha alikuwa malishoni na wazazi wake, na simu ilishika juu ya kilima kimoja tu, nyuma ya zizi la kondoo. Kila jua likianza kushuka, simu ya Bektur ililia shambani kwao.

"Uko kilimani?"

"Niko, na ng'ombe ananikodolea macho."

"Msalimie."

"Anauliza maharage yenu yameota?"

"Yameota, nayo yanakuulizia wewe."

"Mwongo mkubwa wewe, mtu wa Talas."

"Burulcha, mpenzi, sijazoea kushinda kutwa bila kuchekwa."

"Vumilia. Nakuwekea akiba."

Wiki ya tatu ya Agosti Burulcha akampigia mara moja tu, haraka haraka, nyuma yake watu wakipiga kelele. "Tumeshuka nyumbani, kuna karamu, wageni wamejaa. Nitakueleza nikija." Kisha kimya, siku saba.

Siku ya saini Bektur aliwahi mapema, kabeba kifuko cha maharage meupe aliyoyachambua mwenyewe moja moja. Burulcha akaingia mlangoni kavaa gauni la kijani, nywele kazibana juu, na masikioni zinaning'inia hereni za fedha zenye kijiwe chekundu. Mwezi Juni masikio yale yalikuwa matupu.

Kwa Wakirgizi jambo hilo haliulizwi. Msichana akiposwa, mama wa kijana huja na hereni, akamvalisha kwa mkono wake mbele ya watu, na tangu hapo msichana ana wenyewe. Bektur akaunganisha: karamu, wageni, kimya cha siku saba. Kabla Burulcha hajamwona, aliinamia meza, akatia saini ya Tisa badala ya Nne, akatokea mlango wa nyuma.

Simu ililia mara tatu siku ile, kesho yake mara kumi. Akajibu kwa ujumbe mmoja: "Hongera. Nakutakia heri."

"Hongera ya nini?" Burulcha akaandika. Bektur akazima simu.

Jumamosi adhuhuri alikuwa jikoni kwenye bweni la Tisa, anakoroga maharage bila hamu, msimamizi alipochungulia. Wote walimwita Gulsun-eje, yaani dada mkubwa.

"Bektur, mdogo wangu, una mgeni. Jikoni hapa hapa, na mlango uwe wazi."

Burulcha akaingia, uso mwekundu kwa jua, mkia wa nywele umerudi kiunoni, daftari kwapani. Akakaa bila kukaribishwa.

"Endelea kukoroga, yasiungue. Nimekuja kukagua upya. Msimamizi, mzuri. Jiko, zuri. Mpangaji, mwoga."

"Burulcha, mchumba wa mtu hakai jikoni kwangu."

"Mchumba wa nani?"

Bektur akaelekeza mwiko masikioni mwake. Burulcha akazigusa hereni. Kwanza akacheka, kisha macho yakajaa machozi.

"Hizi kanivalisha bibi yangu. Ni zake. Kwetu hakuna aliyewahi kuvuka hata mwaka mmoja wa chuo. Akachinja kondoo, akaita kijiji kizima, akasema mjukuu wake haendi mwaka wa pili na masikio matupu. Siku saba sikupiga simu nisije nikazitaja, kisha nikapanda gari kwa saa nne nzima, nikitaka wewe uwe wa kwanza mjini kuziona. Mbona hukuniuliza?"

"Jambo kama hilo mtu anauliza?"

"Maji ya moto tuliuliza mabweni matatu. Hili ndilo likakushinda."

Bektur akazima jiko. "Nisamehe. Nimekuumiza bure. Na saini nimeshatia, hadi Januari hawabadilishi."

"Najua. Nimeuliza. Mimi huwa nauliza."

Akafungua ukurasa wa Tisa, akafuta "mbali mno", akaandika polepole: "mbali, lakini maharage yapo."

Bektur akayatazama maneno yale. Kisha akatoa simu, akampigia mama yake kule Talas. Burulcha, kwa heshima, akaenda dirishani akampa mgongo.

"Mama, zile hereni za bibi bado ziko sandukuni?"

"Ziko. Kuna nini?"

"Si sasa, mama. Mpaka amalize masomo. Nataka tu kujua kama zipo."

"Zipo, ila nzito hizo. Huyo mtoto wa watu ana masikio ya namna gani?"

Bektur akainua macho. Burulcha bado kampa mgongo, anatazama nje, lakini mkia wa nywele ameusogeza pembeni, na sikio moja ameligeuza kwake, kama alivyokuwa akifanya ukutani.

"Madogo, mama," akasema. "Lakini yanasikia kila kitu."